Sura ya Tano: Gusa, Achia, Ondoka

Swali hili nimeulizwa na walimu wa michezo wa shule za msingi, na manahodha wa timu za mtaa kule Kihonda na Mazimbu mjini Morogoro, na wazazi wanaosimama pembeni ya uwanja Jumamosi asubuhi, mikono nyuma. Kila mmoja huliuliza kwa namna yake, lakini ni lilelile: kwa nini vijana wetu wakiwa mazoezini wanapasiana hadi raha, halafu siku ya mechi mpira unawatoka kabla ya pasi ya tatu?

Majibu mawili hutolewa haraka. Vijana hawana pumzi. Uwanja ni mbovu. Yote yana ukweli, na kwa mtu aliyewahi kucheza Morogoro mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, hilo la pili halihitaji ushahidi. Ila lipo jibu linaloeleza mengi zaidi. Timu nyingi hupoteza mpira kwa sababu mazoezi yao ya pasi hayana mpinzani ndani yake. Kijana amefundishwa kupiga pasi, tena vizuri, lakini hajawahi kufundishwa kuchagua: ampe nani, lini, na yeye mwenyewe aende wapi baada ya hapo.

Sura hii ni ya mazoezi yanayofundisha kuchagua. Ninaamini kwa dhati kwamba vile viuwanja vidogo vya milima ya Uluguru, ambavyo tumezoea kuvionea huruma, ni mahali pazuri mno pa kuyafanyia.

Dakika tatu tu

Tuanze na hesabu. Mechi ina dakika 90. Toa muda wa mipira ya kurusha, faulo, kona, mipira ya goli na majeruhi, utabaki na kama saa moja ambayo mpira uko mchezoni kweli. Gawa dakika hizo 60 kwa wachezaji 22. Kila mmoja anapata chini ya dakika tatu za kuwa na mpira mguuni. Muda wote uliobaki anacheza bila mpira.

Sasa linganisha na mazoezi yetu. Karibu kila kitu tunachofundisha, kuanzia danadana, chenga na mashuti hadi kutuliza kwa kifua, ni cha zile dakika tatu. Dakika nyingine zote tunamwachia kijana ajifunze mwenyewe, na akikosea tunamfokea kwamba amesimama kama mlingoti.

Hesabu ya pili ni ya mwendo. Usain Bolt, siku alipoweka rekodi ya dunia ya mita 100 kule Berlin mwaka 2009, alifikia kasi ya takriban kilomita 44 kwa saa. Pasi ya chini iliyopigwa kwa nguvu na kijana wa sekondari inaweza kuondoka mguuni kwa kasi ya namna hiyo, wakati kijana mwenzake anayeifukuza hafiki hata karibu. Ndiyo maana timu inayogusa mpira mara moja au mbili na kuuachia humchosha anayekaba. Kwa mguso namaanisha kila mara mguu unapokutana na mpira. Mguso mmoja ni kuupiga bila kuutuliza. Miguso miwili ni kutuliza, kisha kupiga.

Mashabiki wa Tanzania wanalielewa jambo hili. Wamelipa soka la pasi fupi majina yao: kampa kampa tena, na msimu wa 2024/25 mashabiki wa Yanga kule Jangwani wakawa wanaimba gusa, achia, twende kwao. Kugusa tunaweza. Kuachia pia tunajitahidi. Hilo la tatu, la kwenda, ndilo linalotuangusha.

Foleni ya koni

Pita kwenye viwanja vingi saa kumi na moja jioni, utaona zoezi hili. Koni mbili zimewekwa umbali wa mita 10. Nyuma ya kila koni kuna foleni ya watoto kumi. Wa mbele anapiga pasi, anakimbilia nyuma ya foleni ya pili, anasubiri. Mpira ni mmoja. Kocha ana filimbi na kila kitu kinaonekana kimepangika.

Hesabu zamu ya mtoto mmoja. Kama kila pasi inachukua sekunde tatu hivi, na wako ishirini, anaugusa mpira mara moja kila dakika moja. Katika robo saa amepiga pasi kumi na tano, zote kwa mtu aliyesimama mbele yake, umbali uleule, bila mtu wa kumsumbua, na kila mara akijua jibu kabla hajaulizwa. Siku ya mechi anapokea mpira na mbele yake kuna jezi tatu za rangi tofauti zinazotembea. Swali hilo ni jipya kabisa kwake.

Sisemi koni zitupwe. Mtoto wa miaka saba anayejifunza kupiga kwa upande wa ndani wa mguu anahitaji marudio, na hata mtu mzima hapotezi kitu kwa kuanza na dakika tano za pasi tupu ili miguu ipate moto. Ninachopinga ni koni kula saa nzima, siku nne kwa wiki, mwaka mzima.

Mlima unakubana, na ni vizuri

Panda kwenda Mgeta kupitia Mzumbe. Barabara inazunguka, na kadiri unavyopanda, mashamba ya kabichi, karoti na viazi yanasimama kwenye miteremko mikali kiasi kwamba unajiuliza mkulima anapaliliaje bila kuteleza. Upande wa pili wa safu, kwenye migomba na viungo vya Kinole na Matombo, hali ni hiyohiyo, na mvua huko ni nyingi zaidi kwa kuwa upande wa mashariki ndio unaopokea upepo wa bahari. Ardhi tambarare ni mali. Mahali pakiwa tambarare pana shule, kanisa, msikiti au soko, na uwanja wa mpira unapata kinachobaki.

Uwanja wa mechi ya kimataifa unatakiwa uwe na urefu usiopungua mita 100 na upana usiopungua mita 64. Tafuta kipande cha namna hiyo kule juu na utatafuta sana. Utakachokipata ni uwanja wa shule uliochongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja umepakana na ukingo wa udongo mwekundu, upande mwingine unaporomoka kwenye shamba la mtu. Mpira ukitoka upande wa chini, mchezo umesimama. Mdogo kuliko wote ndiye anayetumwa, na wengine wanakaa chini kumsubiri.

Walimu wengi wa huko hulalamika kwamba hawawezi kufundisha soka la kisasa mahali hapo. Mimi naona kinyume chake. Uwanja mkubwa unampa mchezaji muda wa kutuliza mpira, kuutazama, kuinua kichwa na kufikiri. Uwanja mdogo haumpi. Anayeupokea akiwa hajui pa kuupeleka anakuta mguu wa mtu umeshafika. Makocha wa klabu kubwa duniani hutumia muda mwingi wakipima viboksi vidogo kwa koni ndani ya viwanja vyao vikubwa, kusudi wawabane wachezaji. Mwalimu wa Nyandira, kule Mgeta, kiboksi chake amejaliwa na mlima.

Tatizo la mteremko lina dawa nyepesi. Usichezeshe kutoka juu kwenda chini. Pitisha mchezo kwa upana, magoli yakiwa kulia na kushoto, ili mteremko uzisumbue timu zote sawa. Kisha wachezaji wanaosubiri zamu wasikae kwenye ukingo wa udongo. Wapange upande wa chini, hatua tano tano kati yao, na uwape kazi: mpira ukiwafikia waurudishe ndani kwa mguso mmoja, kwa timu iliyowapa. Hapo umepata uzio, na wale waliokuwa wanasubiri wamekuwa mazoezini. Nimeliona likifanyika kwenye uwanja wa shule moja ya mlimani, na kilichonivutia ni kelele. Watoto wa pembeni walikuwa wakipiga kelele za kudai mpira kuliko waliokuwa ndani.

Kwa ufupi hadi hapa

- Mchezaji hucheza sehemu kubwa ya mechi bila mpira. Mazoezi yanapaswa kumfundisha hilo.
- Zoezi lisilo na mpinzani halifundishi kuchagua.
- Nafasi ndogo inalazimisha fikra za haraka. Itumie.

Duara

Zoezi maarufu kuliko yote la pasi za haraka linajulikana duniani kwa jina la Kihispania, rondo. Wachezaji wanasimama kwa kuzunguka, mmoja au wawili wanaingia kati kuusaka mpira. Klabu ya Barcelona ndiyo iliyolipa sifa. Kocha Laureano Ruiz alilitumia na vijana wa klabu hiyo miaka ya 1970, na Mholanzi Johan Cruyff, aliyeifundisha timu ya wakubwa kuanzia 1988 hadi 1996, akaligeuza kuwa chakula cha kila siku. Mtoto wa Morogoro aliyewahi kucheza rede, akiwa katikati huku wenzake wawili wakirushiana mpira pande zote mbili, hahitaji kuelezwa mara mbili.

Anza na wanne nje, mmoja kati, kwenye mraba wa hatua sita kwa sita. Wakizoea, weka watano nje na wawili kati, mraba uwe wa hatua tisa. Sheria ziwe chache:

- Miguso miwili tu kwa kila mchezaji.
- Mpira usipande juu ya goti.
- Aliyepoteza mpira anaingia kati, bila mjadala.
- Walio kati wakiunasa mpira, wapige pasi moja ya kutoka nje ya mraba ndipo wahesabiwe wameshinda.

Sheria ya mwisho watu huiruka, na ni kosa. Bila hiyo, aliye kati anajifunza kuuparaza mpira tu utoke; akiwa nayo anajifunza kuunasa na papo hapo kutafuta mwenzake. Wale wa nje nao wanajifunza kwamba mpira ukipotea kazi haijaisha, wamfuate.

Sasa tazama kwa karibu kinachotokea. Kijana wa pembeni anausubiri mpira. Amesimama visigino chini, kifua kimemwelekea mpigaji moja kwa moja. Mpira unamfika, anautuliza kwa mguu ulio karibu nao, na sasa uko katikati ya miguu yake miwili. Anachokiona ni aliyempa pasi na yule mkabaji anayekuja mbio. Wenzake wawili wa upande mwingine wako nyuma ya bega lake. Anachoweza kufanya ni kuurudisha ulikotoka, na mkabaji analijua hilo kabla yake.

Msogeze kidogo tu. Mwambie arudishe mguu mmoja nyuma, asimame mshazari, kiuno kimefunguka, kiasi kwamba kwa jicho moja anamwona mpigaji na kwa jingine anawaona wenzake wa upande wa pili. Kisha aupokee kwa mguu wa mbali, yaani ule usio upande unakotokea mpira. Mpira unavuka mbele ya mwili wake, na mguso wa kwanza unakuwa tayari umeugeuza kuelekea upande wa wazi. Hakuongeza mbio hata kidogo. Amebadili namna ya kusimama, na sekunde nzima imepatikana.

Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kufundisha timu ya mtaa mwaka mzima, nitachagua hilo la kusimama mshazari na kupokea kwa mguu wa mbali. Halihitaji njumu wala mipira kumi na halijali kama uwanja una nyasi. Linahitaji mwalimu mwenye subira ya kusimamisha mchezo mara chache, kumwonyesha kijana, na kuacha uendelee.

Pembe nne, watu watatu

Duara lina upungufu. Wachezaji wa nje wamesimama mahali pamoja, hivyo kijana anaweza kuwa hodari wa duara kwa miaka miwili na bado asijue kuondoka. Zoezi linalofuata linaziba pengo hilo, na kwa maoni yangu ndilo lililo kiini cha sura hii.

Chora mraba wa hatua nane. Weka jiwe kila pembe. Tuzite pembe hizo Bondwa, Kinole, Matombo na Mgeta, kwa kufuata mzunguko. Wachezaji watatu wana mpira, mkabaji mmoja yuko kati. Watu watatu, pembe nne: daima pembe moja iko tupu.

Sheria kuu ni moja. Mwenye mpira lazima awe na mwenzake kwenye pembe ya kulia kwake na mwingine kwenye pembe ya kushoto kwake. Pasi zinapita pembeni mwa mraba, hazikati katikati.

Tuseme mpira uko Bondwa. Wenzake wako Kinole na Mgeta. Matombo ni tupu. Bondwa anampa Kinole. Sasa Kinole anahitaji watu Bondwa na Matombo. Bondwa yupo, ndiye aliyetoa pasi. Matombo hakuna mtu. Nani aende? Yule aliyekuwa Mgeta, na anapaswa awe ameanza kukimbia mpira ukiwa njiani. Akisubiri mpira ufike ndipo aanze, amechelewa. Kinole atabaki na njia moja ya kutokea na mkabaji ataifunga.

Kinole akaupeleka Matombo? Basi aliyebaki Bondwa akimbilie Mgeta. Kinole akaurudisha Bondwa? Basi yule aliyekwenda Matombo ageuke arudi Mgeta, tena haraka.

Umeona nani anayekimbia kila mara? Si aliyepiga pasi, wala si aliyepokea. Ni yule wa tatu, ambaye hakuugusa mpira. Tumezoea kumwambia kijana "piga uondoke", na mara nyingi ni sawa, lakini zoezi hili linafundisha kwamba mwenye jukumu kubwa zaidi la kuondoka ni yule anayedhani mambo hayamhusu. Kwenye mechi huyo ndiye utakayemkuta ameshika kiuno, anatazama.

Dakika mbili za zoezi hili zikifanywa kwa ukweli zinachosha kuliko kuzunguka uwanja mara tano. Fanya mizunguko mifupi ya dakika moja na nusu, badilisha mkabaji, pumzisha. Watoto wa chini ya miaka kumi waruhusu miguso mitatu. Usikimbilie mguso mmoja: nimeona timu nyingi zikilazimishwa mguso mmoja wakati vijana bado hawajajua pa kutazama, na matokeo ni mpira kupigwa popote ili mradi sheria ifuatwe.

Moja-mbili na mtu wa tatu

Mkishaliweza hilo, mambo mawili ya mechi yatakuja yenyewe. La kwanza ni pasi ya moja-mbili: unampa mwenzako, unampita mkabaji kwa upande mwingine, unarudishiwa mbele. Inafaa pembeni ya uwanja, kati ya beki wa pembeni na winga. La pili ni pasi ya mtu wa tatu. Beki anataka kumfikia kiungo, lakini kiungo amefunikwa. Anampa mshambuliaji aliyeko mbele zaidi, ambaye anamrudishia kiungo aliyekwishajifungua na sasa anautazama mpira na goli kwa pamoja. Kiungo hakupata pasi kutoka kwa beki, lakini mpira umemfika, tena akiwa amegeuka.

Kwa mazoezi, panga watatu kwenye mstari, hatua nane kati yao, na mkabaji mmoja akimganda wa katikati. Lengo ni mpira ufike kwa wa katikati akiwa anatazama mbele. Waachie wagundue wenyewe. Kwa kawaida hugundua ndani ya dakika chache, na wakigundua wenyewe hawasahau.

Macho yatangulie

Watafiti wa Norway waliwahi kuwachunguza wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza kwa picha za kamera iliyomfuata mchezaji mmoja mmoja badala ya kufuata mpira. Walitaka kujua mchezaji anageuza kichwa mara ngapi kabla hajapokea. Waliogeuza mara nyingi zaidi ndio waliofikisha pasi zao mara nyingi zaidi, hasa pasi za mbele. Xavi Hernández wa Barcelona hakuwa na mbio wala mwili mkubwa, lakini kichwa chake hakikutulia.

Mfano wa nyumbani tunao. Dickson Job ni beki wa kati asiye na urefu ambao watu huutarajia kwa beki wa kati. Mwaka 2017 alikuwa nahodha wa Serengeti Boys kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 nchini Gabon, akapitia Mtibwa Sugar, na Januari 2021 akahamia Yanga. Beki wa umbo lake hawezi kuishi kwa kushindana vichwa pekee. Anaishi kwa kusoma hatari mapema na kuutoa mpira salama. Kituo cha Moro Kids cha hapa mjini, alikopita yeye na beki Shomari Kapombe, kimelea mabeki wa namna hiyo. Na Mtibwa yenyewe, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, mbele ya Simba na Yanga zenye fedha na mashabiki wengi zaidi. Sijui kocha yeyote wa mkoa huu anayeweza kusema vipaji havipo.

Namna ya kufundisha macho ni kufundisha midomo pia. Kila pasi itoke na neno. Anayepiga, au aliye karibu, amwambie anayepokea kitu cha kumsaidia, kwa neno moja: "Geuka!" kama yuko huru, "Mtu!" kama anaviziwa nyuma, "Rudisha!" kama njia ya mbele imefungwa. Kelele za "hapa, hapa, hapa" zipigwe marufuku. Haziongezi habari yoyote. Kila mtu yuko "hapa". Wasichana ambao hawajawahi kucheza na wakubwa huona aibu kupaza sauti mwanzoni, hivyo anza nao kwenye mraba wa watu watatu, si uwanja mzima.

Mpira wenyewe na hali ya hewa

Hapa nitakwenda haraka. Watoto wa miaka 8 hadi 12 wapewe mpira namba 4. Namba 5 ni mzito kwa miguu yao na unawafundisha kupiga kwa ncha ya kidole. Kiangazi, uwanja wa udongo ukiwa mgumu, punguza upepo kidogo ili mpira usidunde hovyo. Masika, pasi ipigwe kwa nguvu zaidi na anayepokea auendee, maana dimbwi litausimamisha njiani. Radi ikianza kusikika mlimani, mazoezi yaishe siku hiyo, hata kama mvua bado haijafika uwanjani.

Mchezo mdogo wa mwisho

Kila siku ya mazoezi imalizikie kwenye mechi ndogo: wanne kwa wanne, uwanja wa hatua 30 kwa 20, magoli mawili ya hatua mbili bila kipa. Ongeza wachezaji wawili wa pembeni wasio na timu, wanaomsaidia yeyote mwenye mpira. Hapo mwenye mpira daima ana watu sita dhidi ya wanne, na pasi inapatikana akiitafuta. Badilisha sheria moja kwa wiki, usibadilishe tano kwa siku. Wiki hii, goli halihesabiwi mpaka mtu wa pembeni awe amegusa mpira. Wiki ijayo, aliyepiga pasi akisimama mahali pale pale kwa muda wa kuhesabu mbili, mpira unakwenda kwa wapinzani. Sheria hiyo ya pili huzua ugomvi siku ya kwanza. Vumilia.

Kwa timu inayokutana mara tatu kwa wiki, saa moja na robo kila mara, na yenye mipira mitatu au minne, hivi ndivyo ningepanga:

- Jumanne: dakika 10 za kupasha misuli na pasi tupu, dakika 20 za duara kwa vikundi, dakika 15 za pembe nne, dakika 30 za mchezo mdogo.
- Alhamisi: dakika 10 za pasi, dakika 25 za pembe nne na mtu wa tatu, dakika 40 za mchezo mdogo wenye sheria ya wiki.
- Jumamosi: duara dakika 15, kisha mechi.

Mbio za kuzunguka uwanja hazimo kwenye ratiba hiyo. Wazazi wengine watakuuliza kwa nini watoto hawakimbizwi. Waalike wahesabu hatua za mchezaji mmoja kwenye pembe nne.

Utajuaje kama wanaendelea?

Matokeo ya mechi hayatakuambia mapema. Timu inayojifunza kucheza chini huanza kwa kufungwa mabao ya kijinga, beki akijaribu kupasia karibu na goli lake, na hapo ndipo walimu wengi hukata tamaa na kurudia kubutua. Tafuta kipimo kingine. Mpe mtu mmoja asiyecheza, mchezaji aliyeumia au dada wa mmoja wao, daftari na kalamu. Kila timu yenu inapopata mpira, aandike pasi ngapi zimefika kabla haujapotea. Na kwa robo saa moja kila kipindi amfuate mchezaji mmoja tu, aweke alama kila mara mchezaji huyo anaposogea mpira ukiwa unakwenda kwa mwingine, na alama tofauti kila anapobaki amesimama.

Msomee mchezaji huyo alama zake faraghani, siku ya Jumanne, kabla ya duara, usimsomee mbele ya wenzake. Mwonyeshe daftari. Muulize ni wapi angeweza kwenda. Mechi inayofuata andika mwingine, na baada ya mechi nane mrudie wa kwanza, uweke kurasa mbili bega kwa bega.